Kabla Hujamchukua

Kaa kwanza, Subilaga. Chai ipo.
Mvua ya Isyonje haina haraka, nawe usiwe nayo.
Huyo unayempakata, mwenye doa puani,
leo anaenea kwenye ungo.
Mwakani hataenea mlangoni.

Baba yake ni yule pale, kando ya mafiga,
uliyemruka ulipoingia.
Lugano alimleta kifuani, ndani ya koti,
akirudi kutoka Mbeya na Fuso tupu.
Akasema: mlinzi.
Mlinzi! Mwizi wa kuku alikuja usiku
akapokelewa kama mjomba,
akasindikizwa mpaka kwenye lami,
na huyu akarudi na kandambili moja mdomoni, mkia juu,
akanitunuku.
Bado ninayo. Ya kushoto.

Sasa sikiliza.
Usimpe ugali wa moto; ataumeza hivyo hivyo,
kisha akulaumu kwa macho.
Mchanganyie dagaa, na supu ya mifupa isiyo na chumvi.
Mfupa wa kuku, hapana. Hata akilia.
Na atalia: hawa hulia bila sauti,
huweka tu kidevu juu ya goti lako
mpaka sketi inalowa.

Chanuo la chuma, kila Jumamosi.
Vifundo vya manyoya vifumue kwa vidole, usivute.
Nyuma ya masikio ndiko kupe wanakojenga.
Chanjo ya kichaa usingoje bwana mifugo apite;
mpeleke mwenyewe, na kadi uiweke pamoja na vyeti vya watoto.

Na usimkimbize milimani kabla hajatimiza mwaka.
Utamwona mkubwa, utadhani amekomaa,
kumbe mifupa yake bado ni mahindi mabichi.
Hilo mimi hakuna aliyeniambia.
Wanangu walimfunga kwenye kigari cha mbao,
wakamsukumiza mteremkoni, wakampandisha tena, kutwa,
tukacheka, mimi wa kwanza.
Tazama nyonga zake leo, akiinuka.

Alipofika miaka miwili tulimpima
kwenye mizani ya viazi, pale kwa wanunuzi.
Kilo hamsini na nane.
Wapakiaji wakapiga mluzi, mmoja akauliza bei,
mwingine akamwita Lumbesa,
na jina la Lugano (Simba, eti)
likafia palepale kwenye ndoana.

Lugano naye akahamia Tunduma.
Alichukua redio na godoro, mbwa akaniachia.
Watu walinihurumia kwa mdomo huo,
kwamba nimebaki na tumbo la kulisha.
Hawakujua kwamba Julai ile,
umande ukiganda juu ya majani ya viazi,
Tumpe na Gwakisa walilala wameingiza miguu
chini ya tumbo hilo hilo,
na hakuna aliyekohoa.

Mwezi uliopita nilimpakia kwenye toroli.
Bwana mifugo alitaka uzito ndipo akate dozi,
na mizani ni ile ile.
Arobaini na moja.
Wapakiaji ni wale wale, wameota mvi kidogo.
Hakuna aliyepiga mluzi.
Mmoja alivua kofia, akamshusha kwa mikono miwili,
taratibu, kama mtu anayemshusha baba mkwe kitandani.
Nikalipa dawa kwa debe mbili za viazi.
Sikuhesabu vilivyozidi.

Kwa hiyo usimlaze kwenye saruji. Hata akiwa kijana.
Gunia la maganda makavu ya mahindi linatosha,
ulibadilishe likianza kunuka.
Na usimfunge mnyororo; hatakwenda popote,
hawa hawajui kwenda.

Haya, mvua imekatika. Mfunike na kanga,
pitia njia ya juu, huku chini matope.
Usimwonyeshe mzee, nenda tu, nenda—

Hapana. Ngoja.
Mrudishe. Mweke chini hapo, karibu na pua yake.
Acha amnuse.
Chai yenyewe hujaimaliza.